Shikamoo, Bwana Chuma

Harufu ya kungu zilizoiva na kuanguka chini ndiyo inayonirudisha Bigwa, kwenye jumba la Bwana Chuma. Huyo alikuwa tajiri wa kigeni wa zamani sana, kabla hata bibi yangu hajazaliwa, aliyeyeyusha chuma na kutengeneza magurudumu ya matoroli ya mashamba ya mkonge. Kiwanda kilikufa, naye akafa, likabaki jumba lisilo na paa na mti mkubwa wa kungu uani. Lakini kila mtoto wa Bigwa alijua kwamba mwenyewe hajaondoka. Ikifika saa saba mchana, jua la utosi, utasikia nyundo yake mle ndani: nga! nga! nga! Hapo hata mbuzi tuliwaacha, tukatoka mbio.

Mimi nilikuwa mgeni, nimeteremshwa kutoka Mgeta kuja kukaa na bibi mzaa mama. Wasichana wa pale waliicheka lafudhi yangu ya mlimani na hawakunitaka kwenye rede. Likizo karibu nzima nilikuwa wa kuwaokotea mpira tu, na roho iliniuma, sitaki kusema uongo. Siku moja kiongozi wao, Zuhura, akanipa sharti: "Ingia kwa Bwana Chuma saa saba, utoke na kipande cha chuma. Ukitoka mzima, unacheza."

Nikaingia. Nyundo ilikuwa inagonga chumba cha nyuma. Sasa, sisi tulilelewa kwamba mkubwa hapitwi bila salamu, uwe na hofu usiwe nayo. Nikapiga goti mlangoni, macho nimeyafumba, nikasema, "Shikamoo, Bwana Chuma."

Nyundo ikanyamaza.

"Marahaba, mke mwenzangu," mzimu ukajibu.

Duniani alikuwepo mtu mmoja tu wa kuniita hivyo. Nikafumbua macho. Bibi! Amekaa chini, kanga kiunoni, mbele yake fuawe ya yule tajiri, lile pande la chuma la kufulia, anapasua kokwa za kungu na kula viini kwa raha zake. Alicheka mpaka machozi. Kisha akanijazia kiganja, akanikazia macho: "Ukisema, kesho watoto wote wa Bigwa wako humu, na mimi sipati hata kokwa moja. Haya, kazi kwako."

Nilitoka na msumari wenye kutu, ulimi ukiniwasha.

"Umemwona?" Zuhura akauliza.

"Nimemwona. Kavaa viatu vya chuma, na ana pengo hapa mbele."

Hilo la pengo lilikuwa kweli. Jioni ile nilicheza rede mpaka giza likatufukuza.

Mwaka huu nimerudi na binti yangu. Bibi tulishamzika, na jamani, ninamkumbuka mno. Nyumba za Bigwa siku hizi zina kuta na mageti, kila mtoto anacheza kwao, na rede sikuiona. Nilidhani na Bwana Chuma naye kasahaulika. Lakini tulipokaribia jumba, mtoto wa jirani akamshika binti yangu mkono: "Usipite pale saa saba. Kuna mzee wa viatu vya chuma, ana pengo!"

Nikauma midomo nisicheke. Mara, kutoka nyuma ya ukuta: nga! nga! nga! Kumbe fuawe ya bibi imepata mrithi.

"Mama, ni nani huyo?" binti yangu akauliza.

"Kimbia!" nikamwambia, nami nikawa wa kwanza kutoka mbio.