Kaburi Lililobaki Chini ya Ziwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Wapimaji alinivisha jaketi la kuokolea, akayanyooshea kidole maji yaliyokuwa mbele yetu. "Usidhani hili ni ziwa," akasema. "Huu ni mto, tumeuziba."

Nilitoka Maskati kwenda kusomea upimaji Kanada, nikapata kazi huko huko. Ziwa lilikuwa refu na jembamba, limebanwa na milima, likikomea kusini kwenye ukuta wa bwawa la umeme. Kiangazi, theluji ikiyeyuka, lilijaa. Mwisho wa baridi, maji yakishafunguliwa kuzungusha mitambo, lilishuka, kingo zikabaki tope na visiki.

Sisi tulipima kina: chombo chini ya boti hupeleka sauti, ikigonga chini inarudi. Nahodha wetu alikuwa Tom, mtu mzima, mkimya. Siku moja kwenye skrini ilitokea mistari iliyonyooka, kama mawe yaliyopangwa.

"Mawe gani haya?" nikauliza.

"Msingi wa nyumba yetu. Nyuma yake tulimzika mdogo wangu, mchanga bado."

Kabla ya bonde kujazwa maji makaburi yalihamishwa, lakini hilo halikuwa na alama, likabaki.

Mwaka mmoja maji yalishuka mno, Tom akaomba ruhusa ya kuteremka mpaka kwenye msingi ule.

"Tope litakumeza," Mkuu akamwambia.

"Mama anakufa, bwana mkubwa. Anataka azikwe na mtoto wake."

Mkuu akatuletea mbao za kukanyagia, na yeye mwenyewe akashika koleo. Tulichimba mchana kutwa. Mashapo, ule udongo unaoletwa na mto, yalikuwa yamefunika kila kitu. Hatukupata hata mfupa mmoja.

Tom akajaza tope kwenye kopo la kahawa. Nilikuwepo alipompelekea mama yake. Bibi yule alilikumbatia kifuani.

"Umemleta," akasema.

Tom akaitikia kwa kichwa. Bibi alipokufa walimzika nalo, na Tom hakupanda boti tena.

Baadaye nilirudi nyumbani, nikafanya kazi kwenye mabwawa ya mabondeni kwetu mpaka nikastaafu. Sasa nnakaa Al Khoudh, huku huku Maskati. Wanafunzi wa chuo huja kuniuliza lile ziwa la Kanada lina kina gani. Nnawaambia kinapungua. Kila mwaka mto unaleta tope jengine, na mtoto yule anazidi kwenda chini.