Nyasi Mbichi kwa Fundi Hanifu

Asubuhi za Nyaishozi huanza na ukungu. Hushuka kutoka migombani, ukavuka barabara polepole kama ng'ombe asiye na mchungaji, na kwa muda hata maduka hayaonekani. Ndani ya ukungu huo, kwa miaka tisa, Ainembabazi aliona mwanga wa buluu ukiwaka na kuzima ng'ambo ya barabara, kwenye karakana ya Hanifu. Yeye aliketi kibarazani kwa dada yake Joanitha akisuka vikapu. Mwanga ulipowaka alifumba macho, kwa maana aliambiwa unaumiza. Lakini ulibaki nyuma ya kope zake, ukageuka maua ya mibuni, yale meupe yanayofumuka kwa pamoja baada ya mvua hata mtu akadhani shamba linaota ndoto.

Miguu yake haikuwahi kumbeba. Homa ya utotoni iliiacha myembamba kama mabua ya mtama. Alitembea kwa mikono, kandambili kaziweka viganjani, na barabara ile aliijua kwa viganja: mahali penye changarawe, mahali penye vumbi laini kama unga.

Siku moja ya Juni, kahawa ikiwa imeanikwa kila ua, aliivuka.

"Shikamoo, Baba Ikram."

"Marahaba, mama vikapu. Umeniletea tenga?"

"Nimekuja kujifunza kuchomelea."

Hanifu aliweka nyundo chini. Babu yake alifika huku kutoka pwani na mzigo wa chumvi, akaoa, akabaki. Mjukuu akawa mtu wa kuota ndoto zake kwa Kinyambo, lugha ya huku. Alizitazama kandambili zile, kisha mikono iliyozivaa.

"Fundi husimama," alisema.

"Mbona wewe kutwa umechuchumaa?"

"Nachuchumaa kwa sababu naweza kuinuka."

Gosbert, fundi mwenzake mwenye kitambi, aliguna kutoka nyuma ya mashine. "Mimi hata kuchuchumaa siwezi, na bado unaniita fundi. Mpe nafasi, Baba Ikram. Atachomelea kule chini ambako tumbo langu halifiki."

Hanifu hakucheka, ila alinyoosha kidole ukutani. "Utakaa pale mpaka geti la kigango cha Songambele liishe. Likiisha, nitakwambia kama nafasi hiyo ni yako au hapana."

Nafasi yenyewe ilitosha mkeka wa mtu mmoja, chini ya msumari uliotundikwa mchoro wa geti. Ainembabazi hakuwahi kutamani kitu kingine kiasi hicho.

Mwanzoni kijiti cha kuchomelea kiling'ang'ania chuma kila alipokigusisha, kama mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa. "Unakibembeleza mno," Hanifu alimwambia. "Kikwaruze, kama unawasha kiberiti." Akakwaruza. Akatoboa mashimo. Mikono ya gauni lake ikajaa vitundu vidogo, na Joanitha alipoifua alisema nguo hiyo sasa inafaa kuchujia togwa.

Kisha, alasiri moja, mkono ulikumbuka vikapu. Katika kusuka, kila mzunguko hulalia nusu ya ule uliotangulia. Aliegemeza kiwiko gotini, akashusha kioo cheusi usoni, na dunia yote ikazimika isipokuwa tone moja la jua. Tone lilikwenda, mkono ukalifuata, nusu juu ya nusu, nusu juu ya nusu. Ndani ya kioo kile hapakuwa na mtu mwenye miguu wala asiye nayo. Alipokiinua, mshono ulikuwa umelala juu ya chuma, sawasawa, kama kiwavi aliyeshiba.

"Huo usiuguse," Hanifu alisema. Gosbert alisema hajawahi kusikia mzee akimsifu mtu kwa urefu namna hiyo.

Kosa lilikuja siku ya mgeni. Mzee Rwezaura, katekista wa Songambele, alituma ujumbe kwamba atakuja kuliona geti. Kwao Ainembabazi mgeni wa heshima hakanyagi sakafu tupu. Hutandikiwa nyasi mbichi. Basi alfajiri Joanitha akakata nyasi kando ya chemchemi, na wote wawili wakazitandaza kutoka ukutani hadi katikati ya karakana. Mafuta na kutu vikanyamaza. Pakanukia nyumba ya mama yao.

Mzee Rwezaura alisimama mlangoni, akavua viatu. "Kumbe huku kuna mwenye nyumba," alisema, akaingia peku.

Hanifu, aliyekuwa amefungua kinywa kulalamika, akakifunga. Mgeni alipoondoka hakuna aliyethubutu kuzizoa nyasi zilizokanyagwa kwa heshima vile. Zikabaki. Jua la kiangazi likaingia kila siku likazikausha bila kelele.

Siku ya nne, cheche iliyotoka mkononi mwa Ainembabazi mwenyewe iliangukia humo. Moto ulikimbia chinichini, mwepesi, mwekundu, kama kuku waliomwagiwa mtama. Gosbert alimnyanyua kwa makwapa, Hanifu akamwaga mchanga ndoo kwa ndoo. Moshi ulipotoka, ukutani palibaki msumari mtupu. Mchoro wa geti ulikuwa umeteketea. Aliuchora katekista wa zamani kabla hajafariki, na nakala haikuwepo. Vipande vya chuma vilikuwa vimekwishakatwa, vimelala rundo, na hakuna aliyejua kipi kinakwenda wapi.

Hanifu hakupaza sauti. "Kwenu nyasi ni heshima," alisema. "Hapa ni kuni. Kesho usije."

Siku mbili karakana haikutoa mwanga. Ainembabazi aliketi kibarazani, mikono mapajani, akitazama ukungu ukija na kuondoka. Mchoro ule alikuwa ameutazama wiki nne kutoka chini, siku zote kutoka chini, kama mtu anavyotazama altare. Asubuhi ya tatu alifumba macho, na nyuma ya kope akaukuta. Ulikuja kwa hesabu, kama msusi anavyoona: tatu zimenyooka, moja imepinda, tatu zimenyooka, katikati msalaba, na chini ya msalaba majani mawili ya mbuni.

Akachukua ukindu akaanza kusuka. Uzi mmoja kwa kila nondo, fundo moja kwa kila shibiri. Ulipokaribia mchana, Joanitha alivuka barabara na geti lililosukwa, jepesi, la kutosha kufunika sinia.

Hanifu na Gosbert walipanga vyuma sakafuni wakifuata nyuzi. Gosbert alihesabu hadi arobaini na tatu, kisha akakiinua cha mwisho.

"Vipi?" Hanifu aliuliza.

"Kile kipande tulichodhani kimezidi. Kina mahali pake."

Jioni ilipokaribia Hanifu alivuka barabara, akisukuma tairi kuukuu la lori mbele yake.

"Hodi."

"Karibu, Baba Ikram."

Alilaza tairi, akalitazama hilo badala ya kumtazama yeye. "Nilikuweka pale wiki nne bila kukupa kiti. Mtu asiyepewa kiti hujitandikia. Hili tutalijaza mchanga."

"Geti bado halijaisha."

"Halijaisha. Nafasi ni yako."

Ainembabazi aliupitisha mkono juu ya mpira, uliokuwa bado na joto la jua. "Na nyasi?"

"Nyasi zitandikwe nje, mlangoni, cheche zisipofika. Mzee Rwezaura anarudi Alhamisi. Sitaki aniulize mwenye nyumba yuko wapi."

Alhamisi ukungu ulichelewa kuondoka. Mzee Rwezaura alifika, akaziona nyasi kizingitini, akavua viatu. Ndani, juu ya tairi lililojazwa mchanga, Ainembabazi alikuwa ameegemeza kiwiko gotini mbele ya bawaba ya chini.

"Fumba macho, mzee," alisema, akashusha kioo.

Mzee alifumba. Akabaki amesimama peku kwenye umande, na nyuma ya kope zake kitu cheupe kikaanza kufumuka.