Msuli Unaponyamaza

Wateja wa binti yangu walimpa jina la Mwepesi, na si kwa ajili ya mwili, maana mwili anao. Ni mkono wake. Mtu anaweza kukaa kitini kwake tangu asubuhi, akasukwa misuko ile midogo midogo inayochosha, akaondoka bila macho kuvutwa na nywele. Wengine husinzia kabisa wakakoroma, naye anaendelea kusuka huku akiwatania kwamba siri zao zote amezisikia.

Baba yake alipougua akaacha kuendesha lori, mkono huo ndio uliotulisha. Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba tunayopanga: kioo kilichopata ufa pembeni, viti vya chuma vya wateja, na stuli ndefu anayokalia yeye. Mimi hukaa mlangoni nikichambua nywele za bandia na kuzigawa mafungu. Kwa hiyo kila kitu nakiona.

Kwanza niliona kitana kikimponyoka. Kisha karani wa posta, mteja wake wa siku zote, akajishika kichwa.

"Mwepesi, leo umenivuta upande mmoja. Tumegombana lini?"

"Tangu ulipoanza kuota mvi bila kuniaga."

Walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwona akikunja na kukunjua kidole chake cha mwisho na kile cha pete, mkono wa kushoto, akiuficha chini ya aproni. Akaniambia vinakufa ganzi tu, ni uchovu. Siku nyingine alininyooshea glasi ya maji, mwanga wa mlangoni ukaupiga ule mkono, nikaona pale kati ya kidole gumba na kidole cha shahada pamebonyea. Nyama iliyokuwa pale haipo.

Baba yake naye alianzia pale pale. Alikuwa akiangusha funguo za lori, tukamtania kwamba amezeeka. Baadaye ikawa mguu, halafu ulimi, mpaka tukawa tunamlisha uji kwa kijiko na kumfuta kidevu. Nyama za mikono yake zilikuwa zikichezacheza chini ya ngozi hata akiwa amelala. Hospitalini walituambia misuli inakwisha na dawa hakuna. Mashine ya kumpima ilikuwa mbali, na tulipopata njia ya kwenda, yeye hakuwa tena mtu wa kusafirishwa.

Sikumwambia Mwepesi nilichokiona. Nikawa nampima mwenyewe. Nilikaza vifuniko vya makopo kwa nguvu zangu zote, kisha nikamwomba anifungulie. Nilimwambia macho yangu mabaya, anisomee gazeti kwa sauti, ili nisikilize ulimi. Akipanda ngazi nilikuwa nyuma yake nikitazama visigino. Hata kula sikumwacha ale kwa amani. Mtu akiishi hivyo anachoka mpaka kwenye mifupa, lakini nilikuwa siwezi kuacha. Niliona kama nikigeuza shingo kidogo tu, ugonjwa utapenya nisiuone.

Ganzi ilipozidi tukaenda zahanati, wakatuandikia twende hospitali kubwa, kwa daktari anayepima mishipa ya fahamu na misuli. Asubuhi ya safari nilimpaka binti yangu mafuta mikono yote mpaka mabegani. Sikutaka aonekane ametoka kwa watu wasiojitunza.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya mtu aliyekesha. Alikuwa amevua viatu chini ya meza, miguu imemvimba. Alibandika vibandiko vyenye nyaya kwenye mkono wa Mwepesi, vikateleza. Akabandika tena, vikaanguka.

"Dada, umejipaka nini?"

"Muulize mama yangu. Alinikaanga kabla hatujatoka."

Daktari akachukua pamba na spiriti, akaanza kusugua kuanzia vidoleni hadi juu, taratibu, akipumua kama anayepiga deki ukumbi mzima. "Mama," akaniambia, "siku nyingine mgonjwa wangu njoo naye mkavu."

Nikaona aibu. Nikasogeza kiti karibu na ukuta nisiharibu kingine.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha umeme. Daktari alieleza akitutazama sote wawili: anapiga umeme mdogo sehemu moja ya mshipa wa fahamu, kisha mashine inaangalia unachukua muda gani kufika kwenye msuli. Kila alipobonyeza, vidole vya Mwepesi viliruka vyenyewe. Mwepesi akasema ni kama kugusa friji mbovu. Daktari aliweka alama kwa kalamu, akapima kwa futi ya kushonea nguo, akarudia, akahamia mkono wa kulia, akaenda mguuni. Alirudi mara nyingi kwenye kiwiko cha kushoto. Mimi sikuwa natazama mashine. Nilikuwa natazama kope zake.

"Sasa sindano," akasema. "Ni nyembamba, haina dawa ndani. Inasikiliza tu. Nikiichoma kwenye msuli, sauti itatoka kwenye spika pale. Wewe legea, usikaze mpaka nikuambie."

Akaanza na pale palipobonyea. Spika ikalia: tatata, tatata, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Nilishusha pumzi. Nikajiambia, haya, kumbe nyama ipo, inasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupumua vizuri tangu asubuhi.

Akachomoa, akahamia kwenye msuli wa chini ya kidole gumba. Mlio mfupi wa sindano kuingia, halafu kimya. Nikadhani spika imekatika. Akahamia juu ya mkono. Kimya. Akaomba Mwepesi alale, akachoma paja. Kimya. Shavu la mguu, kimya. Akamgeuza, akachoma kando ya uti wa mgongo, akasubiri, akaisogeza sindano kidogo, akasubiri. Kimya kilekile. Daktari akatikisa kichwa kidogo na kuandika.

Mkono umebaki na sauti, nikawaza, na mwili mzima umeshazimika. Ugonjwa umepenya huko huko nilikokuwa natazama visigino, nisiuone.

"Daktari," nikasema, "mwache. Inatosha. Mwache avae twende nyumbani."

"Mama, bado kidogo tu."

"Bado nini, na misuli imekufa yote? Hata mimi nasikia."

Daktari akanigeukia. Mwepesi naye akainua kichwa kutoka kwenye mto.

"Mama anafikiria baba," Mwepesi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Baba yangu alianza na mkono. Misuli ikaisha, akafa. Huyu ananichunga tangu mkono uanze. Ananikazia makopo."

"Ulijua?"

"Mama, gazeti lenyewe ulinishikisha la mwaka juzi."

Daktari aliacha sindano, akavuta stuli yake hadi kwangu. Magoti yetu yakakaribia kugusana. Akasema polepole, kama anayemweleza mtoto, na sikukasirika.

"Msuli wenye afya ukipumzika unanyamaza. Hicho kimya ndicho ninachokitafuta. Unaopiga kelele ukiwa umelala ndio mgonjwa, umekatiwa mawasiliano na mshipa wake. Umeelewa? Kelele nimeisikia kwenye mkono tu, kwenye misuli ya mshipa mmoja. Kwingine kote kumetulia. Sasa sikiliza." Akarudisha sindano pajani. "Dada, kaza."

Spika ikanguruma kama lori linalopanda mlima. "Legeza." Ikanyamaza.

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Alipomaliza akatuambia mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko umebanwa. Kutoka kifundo cha mkono umeme unakwenda vizuri, ukifika kwenye kiwiko unajikokota. Akamuuliza Mwepesi anafanyaje kazi.

"Mama, kaa hapa nimwonyeshe."

Nikahamia kiti cha chuma kilichokuwa mbele ya meza. Akapanda stuli ya daktari nyuma yangu, akanifungua kitambaa, akachukua nywele zangu kwa mkono wa kushoto. Na mimi, niliyekaa mlangoni miaka yote hiyo nikitazama vidole, nikasikia kiwiko chake kikitua kwenye chuma cha mgongo wa kiti, karibu na sikio langu, kikaegemea hapo kwa uzito wote, mkono umekunjwa.

"Hivyo kutwa?" daktari akauliza.

"Kutwa. Ndiyo maana sivuti."

Alimwambia aache kuegemea, asilale na mkono umekunjwa, arudi apimwe tena. Huenda akahitaji kupasuliwa kiwiko. Nyama iliyopungua inaweza kurudi, inaweza isirudi yote.

"Na ule ugonjwa wa baba yake?" nikauliza.

"Leo sikuona dalili yake. Mguu ukianza kulegea, au ulimi kuwa mzito, msingoje, njooni."

Nilitamani asingetaja ulimi.

Nje tulikaa kwenye benchi la zege kando ya geti. Mwepesi alikuwa akisema namna ya kubadilisha viti, au asuke akiwa amesimama, au amfundishe karani wa posta ajisuke mwenyewe. Nilisikiliza maneno yake mpaka nikagundua nasikiliza maneno tu, siusikilizi ulimi. Nikamwambia nafumba macho kidogo. Alipoanza kunitikisa bega, jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa barabara.

"Umekoroma," akaniambia. "Siri zako zote nimezisikia. Inuka, mama."