Walionyamaza Niliwahesabu

Nitawaeleza, lakini mtu asinikatize kwa kicheko kabla sijamaliza, kwa sababu aibu hii hadi leo hunipanda usoni kama homa kila nikipita mbele ya duka la kukodisha vipaza sauti pale Ukunda, na Rama mwenye duka (maskini hana kosa, alifanya kazi niliyomlipa aifanye) bado huniita "mama wa wageni wako njiani".

Kazi yangu ni cherehani. Niliacha shule darasa la saba wazazi wetu walipofariki, nikawalea wadogo zangu wawili, Mwanaisha na Bakari, kwa kushona. Mwanaisha akaolewa Lunga Lunga, Bakari akapata kazi ya dukani Mombasa, nami nikabaki na nyumba nzima peke yangu, napika kwa sufuria dogo kuliko yote na bado chakula kinabaki. Sisemi haya ili mnionee huruma. Nasema ili mjue kwa nini nilitaka sana Bakari arudi. Nilimfundisha kukata nguo tangu mdogo, na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Basi nikampigia simu, nikamwambia, "Mdogo wangu, nikipata wateja wa kututosha sote wawili, utarudi tushone pamoja?" Akanyamaza. Nilisikia magari tu yakipita huko kwake. Nikafurahi, nikaweka simu chini.

(Mnauliza nilifurahia nini? Ngojeni.)

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, watalii wamepungua Diani hadi paka wa mahotelini wamekonda, nami nikaona nisiwangoje wageni wa ndege, niwatafute watu wenye nyumba papa hapa: Wazungu waliohamia, Wahindi, watu wa Nairobi wenye nyumba za mapumziko ufuoni. Niliwashonea magauni ya leso, mito na mapazia. Shida ilikuwa namna ya kuwaarifu nikiwa na kitu kipya, maana nyumba zao zina mageti, na mageti yana mbwa.

Aliyenipa dawa ni Wambui, msichana wa bara ambaye wazazi wake walipata shamba kwenye skimu ya serikali ya kugawa ardhi, naye alikuwa na afisi ndogo ya kupiga chapa na kutuma faksi, na sasa kompyuta ya kutuma imeli (barua pepe tulikuja kuiita baadaye). Akaniambia, "Dada Mwanamisi, weka boksi hapo mezani kwako. Mteja akipenda kupata habari zako aandike address yake mwenyewe, atumbukize. Usilazimishe mtu."

Nikaweka kasha la viatu, nikalitoboa juu. Watu wachache wakaandika. Wachache mno kwa macho yangu, basi nikaongeza na kadi zilizobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa duka kubwa, zile za watu wanaouza baiskeli na kutafuta yaya. Wambui alipoziona alikunja uso. "Hawa ulikutana nao wapi?"

"Ubaoni."

"Sista, hiyo si poa. Basi kwanza tuwaulize. Tuandike barua moja fupi, wanataka kuletewa habari ama hawataki. Anayesema ndiyo tunaweka. Asiyejibu tunafuta."

Tukawauliza wote, wa kasha na wa ubaoni. Waliojibu ndiyo hawakujaza vidole vya mkono mmoja: Bi Greta, mjane wa Kijerumani mwenye mbwa mweupe, mwalimu mmoja wa Msambweni, na mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Wengine wote kimya.

"Basi tunafuta," akasema Wambui.

"Unafuta nini? Hawa wamekubali."

"Wamekubali wapi?"

Nikamweleza. Siku ya kumuoza Mwanaisha, ami yetu alikwenda kumuuliza kama anamridhia yule kijana, na Mwanaisha akajifunika leso uso mzima asitoe hata pumzi, na sheikh akasema, "Kanyamaza, karidhika," tukapiga vigelegele. Kwetu mtu wa heshima haropoki ndiyo. Asiyetaka ndiye hupiga kelele. Wambui akasema, "Dada, hawa hawaolewi," lakini mteja ni mimi, akawaacha.

Kosa langu ni hilo tu. Yaliyofuata yalijizaa yenyewe.

Kwa kuwa sasa nilijiona nina wateja tele, nikaamua kufanya karamu uani kwangu Jumamosi, waje waone nguo mpya, nikampigia Bakari aje ajionee kwa macho yake. Barua ya mwaliko niliitunga mwenyewe, Wambui akaitia Kiingereza huku akitikisa kichwa, na mwisho wake ilisema kwamba asiyejibu tutamhesabu yuko. Hakujibu mtu. Nikawahesabu wote!

Nikakodisha viti na turubai. Nikapika pilau kwa sufuria la harusi, nikakaanga viazi karai, nikakoroga ukwaju pipa zima, nikamkodi Rama na vipaza sauti vyake awe msemaji. Na (hapa ndipo ninapojichukia) nikamwendea jirani yangu Mama Zuhura, ambaye ndiye aliyeniazima lile sufuria, nikamwambia kwa upole wa kinafiki, "Dada, Jumamosi watoto wasiingie uani, nina wageni wa heshima." Akajibu, "Haya, sisi tusio na heshima tutakaa kwetu."

Akakaa kwake kweli, yeye na mtaa mzima, kwenye ua wa makuti, wakichungulia.

Bakari alifika mapema, kapendeza, kanyoa. "Shikamoo, dada." Nikamkalisha kiti cha mbele. Saa ya wageni ikafika, ikapita. Rama, kila wimbo ukiisha, alishika kipaza sauti: "Wageni wetu wa heshima wako njiani!" Kuku wakaingia chini ya viti. "Wako njiani, mabibi na mabwana!" Mama Zuhura naye kutoka uani kwake: "Mwanamisi! Wanakuja kwa miguu kutoka Ulaya, au?" Ua wote ukacheka. Nami nikacheka pia, kile kicheko cha mtu aliyejikwaa akataka ionekane alikuwa akicheza.

Bi Greta akaja na mbwa wake. Akafuata mwalimu, na mama wa Kihindi. Wale wale walioandika ndiyo. Wakakaa watatu katikati ya bahari ya viti vyeupe, wakila polepole kama watu wa matangani.

Kisha ikasimama gari kubwa nje, akashuka mzee mmoja wa Nairobi mwenye kofia, na Rama kumwona tu, jamani, alipiga ukelele: "Mgeni wa heshima amewasili!" Akamshika mkono, akamkalisha pembeni ya Bakari, akamtia glasi ya ukwaju mkononi na kipaza sauti mdomoni. "Mheshimiwa, wape watu salamu!"

Mzee akakitazama kile chuma. "Hamjambo," akasema, na sauti yake ikafika hadi barabarani. "Mimi nimekuja tu kuomba jina langu liondolewe kwa hizi barua. Sikuziomba. Ile kadi yangu kwa ubao ilikuwa ya kuuza jenereta."

Kisha akaongeza, kwa adabu zake zote, "Lakini kama kuna mtu anataka jenereta, bado iko."

Sitawaeleza kicheko kile. Mama Zuhura alikaa chini kabisa. Nami nilisimama mbele ya mdogo wangu nimeshika mwiko, sijui niuweke wapi.

Nilimwomba mzee radhi, Wambui akalifuta jina lake Jumatatu. Nikaenda uani kwa Mama Zuhura, nikapiga hodi, nikamwambia, "Dada, nimekukosea, njooni mle." Akanisimamisha kidogo hapo mlangoni (haki yake), kisha akasema, "Watoto, nawieni mikono." Uani pakajaa dakika ile ile, pilau likaisha ukoko na yote, wakashukuru, wakaondoka, na baada yao nyumba ikawa kimya kuliko nilivyoizoea.

Bakari alinisaidia kukunja viti. Nikamwambia, "Wateja si wengi kama nilivyodhani, umewaona. Lakini wale watatu ni wa kweli, na wataleta wengine. Utarudi?"

Akanyamaza.

Zamani ningefurahi, ningekwenda kumtandikia kitanda. Siku ile nilisema, "Bakari, usininyamazie. Nijibu kwa mdomo wako."

Akaweka kiti chini. "Sirudi, dada. Hata ile siku ya simu nilikuwa sirudi. Kule nimeshapata maisha yangu. Niliona vibaya kukwambia, baada ya yote uliyonifanyia."

"Ungeniambia tu, nisingekutafuna," nikasema, akacheka, nami nikacheka, kisha nikaingia jikoni nikaosha sufuria la watu kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Leo nina wateja wa kutosha cherehani moja, na kila mmoja wao aliandika ndiyo kwa mkono wake, na kila barua ninayowapelekea huwaambia mwishoni kwamba aliyechoka aseme, nitamwondoa bila kinyongo. Wapo waliosema. Nawashukuru, wamenipunguzia kusubiri. Nimeapa sitamhesabu tena mtu ambaye sijasikia kauli yake, awe mteja au awe damu yangu. Bakari hunipigia simu kila mwezi, hunisalimu vizuri sana, nami humwuliza kazi, afya, na mchumba wake. Lile moja tu siliulizi, kwa sababu jibu lake alinipa.