Mkono wa Kushoto wa Jirani

Jirani yetu wa nyumba ya juu huingia msitu wa Pohorje mkono wa kushoto ukiwa mfukoni mwa aproni. Huchuma majani ya vitunguu saumu pori kwa mkono wa kulia tu, theluji ikiwa ndiyo kwanza imeyeyuka na maua hayajatoka. Humo humo huota mmea mwingine, majani yale yale, ambao baadaye hutoa maua kama vikengele, na huo ni sumu. Ukishachuma kidogo, vidole vyako vinanuka kitunguu na kila jani unaloshika linanuka kitunguu. Kwa hiyo mkono wa kushoto huutunza kwa ajili ya jani la mashaka. Hulifikicha, hufumba macho, hunusa, kisha husema, "Hili la supu," au, "Hili ukilila, umsalimie marehemu mume wangu."

Jana nilikwenda kuchuma naye, na kikapu cha majani ya supu ya Pasaka kimeshajaa, alinusa jani moja. Akanusa tena. Akaninyooshea.

"Hebu nusa, mwanangu."

"Kitunguu, Mama. Ila sijui ni jani au vidole vyangu."

"Mimi pia kitunguu. Lakini hata kahawa leo ilinuka kitunguu, na nilikuwa sijatoka nyumbani."

Akautazama ule mkono wa kushoto kana kwamba ni wa mtu mwingine. Halafu akakipindua kikapu chote chini.

"Kesho utanusa wewe," akasema.

Nikatazama mikono yangu, yote miwili imegeuka kijani, nisijue upi wa kuuficha.