Kihispania cha Uwanjani

Dada yangu hakujifunza Kihispania kwa kupenda elimu. Yeye na elimu waliachana darasa la saba, kwa amani, kila mmoja na njia yake. Alijifunza kwa sababu alimshuku mwanawe.

Mwanawe huyo, binti yake wa pekee, tunamwita Asali. Mdomo wake hautoi neno chungu. Hata akikuletea habari mbaya utadhani umeshinda bahati nasibu. Aliolewa ng'ambo, kwa watu wanaosema Kihispania, na sasa alikuwa mjamzito. Kila Jumapili alipiga simu ya picha, mama mkwe wake kakaa pembeni. Mama mkwe atasema mpaka mishipa ya shingo imtoke, mikono ikikata hewa, halafu Asali anamgeukia mamaye: "Anakusalimia sana."

"Salamu gani hiyo ya kukunja ngumi?" dada akaniambia simu ilipokatika. "Huyu mtoto ananichuja kama chai."

Dada ni fundi cherehani. Kibanda chake kinatazamana na uwanja wa mpira, na timu ya pale ilikuwa na kocha mgeni, mwenye Kihispania chake cha kuzaliwa nacho, ambaye hakosi kuleta jezi zilizochanika makwapa. Dada akamwekea sharti: yeye atashona bure, kocha atalipa kwa maneno. Kocha akakubali, ila alifundisha jicho moja likiwa kwa vijana wake.

"Sema taratibu, mwalimu," dada alimwomba.

"Taratibu tutafungwa, mama!"

Dada akameza vyote, somo na makelele. Ikafika mahali anaweza kuomba maji, kuuliza bei ya kitambaa na kumfokea beki wa kushoto.

Mimba ilipokua, Asali akasema anakuja kujifungulia nyumbani. Mumewe atabaki kazini, mama mkwe kakubali na atamsindikiza tu. Siku walipofika, dada alinikanyaga mguu chini ya meza, maana yake nisitoe siri. Tukamimina chai.

Mgeni, mama mnene wa hereni kubwa, alikuwa ametoka kukijaribu kitanda alichoandaliwa; alizungusha macho chumbani, akaanza kumwaga maneno. Dada kakaa, uso kama ukuta.

"Anasemaje?" akauliza.

"Anasema nyumba yako ina joto la upendo," Asali akajibu.

Dada akaniinamia sikioni. "Anasema hapa ni tanuri, na kitanda kinapiga kelele kuliko mlevi. Halafu ananishukuru kwa kuridhia binti yangu akazalie kwao. Ati wanaondoka wote wawili wiki ijayo."

Akaweka kikombe chini. Akasimama, akanyoosha mkono, akabweka kwa Kihispania: "Rudini nyuma! Nyote! Hapa hatoki mtu na mpira!"

Mgeni akacheka mpaka chai ikampalia. Asali ndiye hakucheka.

"Mama, kumbe unaelewa?"

"Naelewa. Na wewe nyamaza, uliyeuza mimba moja kwa wateja wawili!"

Wakakalishana, mabibi watarajiwa, bila mkalimani. Kihispania cha dada kilichechemea, pengo akiziba kwa mikono, na mimi akinitupia Kiswahili pembeni nisipitwe. Asali alipotaka kulainisha neno, wote wawili walimnyooshea kidole.

"Huyu ni mjukuu wangu wa kwanza," mgeni akasema.

"Na kwangu mimi ni wa kumi?"

"Nani atamtunza binti huku? Wewe toka asubuhi uko na cherehani!"

"Cherehani sijafungwa nayo kamba." Kisha dada akauliza swali ambalo Asali angelimeza zima zima: "Kwako kuna nani anayekungoja?"

Mgeni akazungusha kikombe chake juu ya sahani.

"Paka," akasema.

"Basi paka apewe jirani. Wewe baki hapa."

"Kwenye kitanda kile?"

"Nitakipiga misumari. Joto utalizoea, mbona sisi hatujayeyuka?"

"Jamani," Asali akalalamika, "mimi mwenye tumbo haniulizi mtu?"

Dada akamgeukia. "Haya, nakuuliza. Na safari hii usitie sukari."

Asali akamtazama huyu, akamtazama yule. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nikamwona katafuta neno tamu akalikosa.

"Nawataka wote wawili," akasema. "Niliogopa nikimkatalia mmoja nitampoteza. Ndiyo maana nilidanganya."

Akalirudia kwa Kihispania, neno kwa neno. Dada alisikiliza kwa makini, akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo, hakuna kilichochujwa. Mgeni akavua hereni zake, akaomba aonyeshwe nyundo iko wapi.

Mtoto kazaliwa hapa hapa, wa kike. Kila bibi anadai pua ile ni yake. Wanabishana toka chai ya asubuhi, huyu kwa lugha yake na yule kwa yake, na Asali kapigwa marufuku kutafsiri.