Ngome Iliyoguswa

Yule Mrusi alikuwa amevunjika vifundo vya mkono wa kulia mara mbili, na mara zote mbili sababu ilikuwa chesi. Mara ya kwanza alipiga ukuta wa hoteli huko kwao, baada ya kupoteza mchezo aliokuwa ameshaushinda. Mara ya pili alipiga mtu. Huyo mtu, mpinzani wake mchezoni, alikuwa akimkanyaga miguu chini ya meza. Mrusi alivumilia mpaka mwisho, akashinda, wakapeana mikono, halafu ndiyo akampiga. Hivyo ndivyo alivyonieleza mwenyewe. Upande wa pili sijausikia.

Alikuwa grandimasta, cheo cha juu kabisa kwenye chesi. Kwa ngumi ile walimfungia miaka kadhaa, akaenda kufundisha Lubumbashi, ndiko alikookota Kiswahili, kisha akaja huku Durban, Afrika Kusini, kufundisha kwenye shule moja ya Westville. Kwetu saluni, Umbilo, alikuja kunyolewa na kusema Kiswahili. Tulicheza naye kwenye ubao mzito wa mbao, kati ya mteja na mteja. Sisi Wakongo tukicheza tunagonga vipande kama nyundo na kutukanana.

"Papa Mrusi, leo unalala njaa!" kinyozi mwenzangu alikuwa akimwambia.

"Miye nitakula malkia yako," alijibu, "na mifupa natema."

Siku waandamanaji waliposhuka Umbilo Road na fimbo, wakitaka wageni tufunge maduka, alikuwa kwenye kiti changu, nusu ya kichwa nimeshamnyoa. Kioo cha mbele kilivunjwa. Mwenzangu alipigwa rungu la bega akaangukia sinki. Mimi mmoja wao alinishika kola, akanibana ukutani, akanipiga mbavuni kwa tofali mpaka nikatapika. Mrusi aliinuka na kitambaa bado shingoni, akanyanyua ule ubao wa chesi kwa mikono miwili, akampiga nao usoni. Nilisikia pua ikivunjika. Akampiga tena akiwa chini, na tena, na hapo yule mtu alikuwa tayari ameinua mikono kuomba. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli. Ni kweli pia kwamba mama wa Kizulu anayeuza amagwinya, maandazi ya huku, mlangoni petu ndiye aliyewafokea wengine mpaka wakaondoka, bila kumgusa mtu. Lakini aliyenitoa mimi pale ukutani ni Mrusi. Labda ningepona bila yeye. Sijui. Siamini.

Miezi michache baadaye aliingia mashindano ya wazi Westville, ya kwanza tangu afike nchi hii. Habari zake zilikuwa zimemtangulia, na waandaaji walimwambia bila kuficha: ukimpiga mtu, hutacheza tena mashindano popote.

"Kama hii inaniponyoka," aliniambia ndani ya gari langu, "miye nitabakia mwalimu wa batoto ya batajiri tu. Nitakufa mwalimu."

Mimi nilicheza kundi la chini, na sikucheza vizuri. Mchezo wa mwisho nilishindwa mapema, nikaenda kusimama nyuma ya kamba karibu na meza yake. Alikuwa anacheza na kijana wa chuo kikuu, na atakayeshinda hapo anachukua kikombe. Ukumbi ulikuwa kimya, unasikia saa tu.

Kijana akanyoosha mkono, akaishika ngome yake, kile kipande cha mnara, kwa vidole viwili. Hapo ndipo alipoona kosa lake. Akaiachia kama inayounguza, akasogeza kipande kingine. Sasa sheria ya chesi ni fupi: ulichogusa, hicho unacheza. Na ile ngome popote ambapo ingeenda, mfalme wake angebaki uchi.

Mrusi alimwita mwamuzi. Kijana akasema hakugusa kitu. Mwamuzi alikuwa meza nyingine, akasema hakuona, mchezo uendelee. Watazamaji haturuhusiwi kufungua mdomo, nami sikuufungua. Kijana akacheka puani, akanong'ona kwa Kiingereza kwamba macho ya wazee huona wanachotaka kuona.

Ngumi ilipita juu ya vipande. Kijana alienda chini na kiti chake. Mrusi akazunguka meza, akampiga teke mbavuni, akamshika nywele na kumgongesha kichwa sakafuni, mpaka walinzi walipomrukia. Jino lilikuwa pale chini kati ya farasi na askari.

"Alinisukuma yeye!" alipiga kelele kwa Kiingereza. Halafu akanitafuta kwa macho, akahamia Kiswahili. "Ndugu yangu, ulikuwa pale! Sema alinisukuma kwanza. Sema tu! Unakumbuka kwa saluni!"

Hakuna mwingine aliyeelewa. Wakamburuta nje.

Mwamuzi akanigeukia. "Wewe ulikuwa karibu. Kijana alimsukuma?"

Shule sikwenda mbali, na mambo ya haki huwa yananichanganya. Nilijua neno moja langu lingemwokoa. Nilijua ubavu wangu unadaiwa shukrani na Mrusi. Lakini kijana alikuwa amelala anatema damu, baba yake, aliyekuwa kati ya watazamaji, amepiga magoti kando yake, na mimi nilikuwa nimeona nilichoona.

"Hakumsukuma," nikasema. "Mikono yake ilikuwa mapajani." Kisha nikaongeza, "Lakini ngome aliigusa. Vidole viwili. Niliona."

Baba mtu aliruka. "Mtoto wangu anatema meno, wewe unaniambia habari za ngome!" Akanisukuma kifuani nikaangukia meza. Simlaumu. Mwamuzi alisema ngome haina kazi tena. Kikombe akapewa kijana, na Mrusi akafungiwa mashindano maisha yake yote.

Nilimkuta ameegemea gari. Nikamchukua. Tuliposimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu, karibu kuingia Umbilo, akaniuliza:

"Ulisema nini?"

"Nilisema hakukusukuma, mzee."

Ngumi ya kwanza ilinikuta sikioni, ya pili mdomoni, kichwa kikagonga kioo cha mlango. Taa ikawa kijani, taxi za nyuma zikaanza honi, akanipiga nyingine. Sikurudisha. Usiniite mwema: nilikuwa nimeshika usukani na nilikuwa naogopa.

"Na nilisema aligusa ngome," nikamwambia, damu inanijaa ulimini.

Mkono ukasimama hewani.

"Ulisema ivyo? Mbele ya nani?"

"Mbele ya wote. Mbele ya baba yake."

"Vidole ngapi?"

"Viwili."

"Viwili," akasema polepole. "Ndiyo. Viwili."

Basi akaanza kunieleza ule mchezo, jinsi ambavyo ungeisha kama kijana angeicheza ile ngome: malkia hapa, farasi pale, mfalme hana pa kukimbilia. Alionyesha kwa mikono, pale mbele ya kioo, mpaka mlangoni kwake. Ulikuwa mchezo mzuri, nadhani. Sikuweza kuufuata, kwa sababu kila aliponyanyua mkono kuonyesha farasi anakoruka, mimi nilikwepesha kichwa.